Maana ya Neno: Osimolariti



Katika ukurasa huu tumezoea kila mwezi kulichukua neno moja tukalitazama asili yake na matumizi yake, khasa neno ambalo watu hulitamka bila ya kulifahamu. Mara nyingi huwa ni neno la Kiarabu, kwa kuwa hiyo ndiyo elimu niliyoipata kidogo. Mwezi huu nimechukua neno lisilokuwa la fani yangu. Shule nimesoma ya msingi tu, wala sitaki mtu adhani kuwa nimegeuka bingwa wa kemia. Lakini neno hili liliingia nyumbani kwangu bila ya kubisha hodi, na ujinga wangu juu yake ulikaribia kumdhuru mtoto. Kwa hiyo nimejifunza, na nilichojifunza nakileta kwenu.

Neno lenyewe ni osimolariti. Limechapwa juu ya pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari tunaowakorogea watoto wanaoharisha. Mbele yake limetiwa neno la Kiingereza lenye maana ya "ndogo" au "iliyopunguzwa". Pakiti hizo zimo katika kila duka la dawa, na watu wengi wamezishika mikononi, lakini sijamwona mtu akisimama kuuliza: ni kitu gani hicho kilichopunguzwa?

Mimi nililiona neno lile usiku mmoja wa Ijumaa, mjukuu wangu wa mwaka mmoja na miezi miwili alipokuwa akiharisha tangu alasiri. Mwanangu alikuwa safarini, na nyumbani tulikuwa mimi, bibi yake mtoto na mkwe wangu. Nilitoka nikanunua pakiti mbili. Niliporudi nikavaa miwani nikasoma, na nilipofika kwenye lile neno la "iliyopunguzwa" nikajiambia kuwa hii ni dawa iliyotiwa maji, kama maziwa ya mchuuzi asiyemcha Mungu. Basi nikaona nitairudishia nguvu zake mwenyewe. Nikatwaa chupa ya nusu lita, nikaimimina pakiti nzima. Mkwe wangu akasema kwa adabu, "Baba, hapa pameandikwa lita moja." Nikamjibu, "Mwanangu, hii imepunguzwa." Akanyamaza, kwani nani atashindana na baba mkwe saa tatu ya usiku?

Mtoto aliyanywa maji yale kwa pupa, kisha akatapika. Kuharisha hakukupungua, bali kulizidi. Kila akinywa kiu ilimzidi, akawa halali wala hatulii, analia na kuinyooshea mkono chupa. Nami kila akiinyooshea nikafurahi, nikisema dawa imemkubali. Alfajiri tukamchukua zahanati. Tabibu tuliyemkuta ni kijana aliyesoma chuoni kwangu zamani, na baada ya "Shikamoo, Maalim" swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mmeikoroga katika maji kiasi gani?" Nikamweleza, tena kwa majivuno kidogo. Akainama, akamwaga chupa yangu yote nje, akakoroga nyingine katika lita kamili, akamwambia mkwe wangu ampe mtoto kwa kijiko, polepole, na asiache kumnyonyesha. Tulikaa pale hadi magharibi. Alhamdulillahi, siku ya tatu mtoto alikuwa akicheza.

Baada ya wiki moja kijana yule alikuja barazani kwangu na daftari. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yafuatayo mengi ni darasa lake, na mengine nimeyatafuta mwenyewe baadaye.

Alianza kwa kuniuliza juu ya udhu. "Maalim, ukipandisha maji puani yakapanda mno, husikiaje?" Nikasema huwasha, hata mtu akatokwa na machozi. "Na machozi hayo, ambayo ni ya chumvi, huliwasha jicho?" Nikasema la. Akasema, "Maji matupu yanawasha, na maji ya chumvi hayawashi. Kwa nini?" Miaka thelathini na zaidi nafundisha watoto udhu, na swali hilo halijanipitia kichwani.

Jawabu lake ni hili. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli, na kila seli imezungukwa na utando mwembamba. Utando huo hupitisha maji kwa wepesi, lakini chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka humo havipiti ovyo ovyo. Sasa, maji yakiwa pande mbili za utando wa namna hii, na upande mmoja una vitu vingi vilivyoyeyuka na upande wa pili una vichache, maji yatatoka kule kwenye vichache yaende kule kwenye vingi. Maji ya kisimani ni karibu matupu, ilhali seli za pua zimejaa vitu vilivyoyeyuka; kwa hiyo maji huingia ndani ya seli, zikavimba, na pua ikalia. Machozi yana vitu vilivyoyeyuka kwa kadiri iliyo karibu sawa na ile ya mwilini, basi maji hayana haja ya kukimbilia huku wala kule. Mwendo huo wa maji kupita utandoni ndio uitwao osimosi, neno la asili ya Kiyunani lenye maana ya kusukuma.

Sisi watu wa pwani tumeitumia osimosi tangu zamani bila ya kuijua kwa jina. Nguru akipasuliwa akasiriwa chumvi ili awe ng'onda, asubuhi hukutwa amelala katika maji, na hakuna aliyemwagia maji. Chumvi iliyo nje imeyavuta maji yaliyo ndani. Ndimu za achari nazo hutoa maji vivyo hivyo chumvi ikishatiwa. Na vijidudu vinavyoozesha samaki hupatwa na yale yale: maji yao huvutwa nje vikanyauka, na ndiyo sababu ng'onda hukaa miezi.

Katika vitabu vya Wazungu, mtu wa kwanza kuandika jambo hili kwa majaribio ni Mfaransa mmoja, Jean-Antoine Nollet, mwaka 1748. Alijaza chombo mvinyo mkali, akakifunga mdomo kwa kibofu cha mnyama, akakizamisha katika maji. Baada ya saa kadhaa kibofu kilikuwa kimetuna kwa nje, kigumu kama ngoma iliyowambwa, na alipokitoboa kwa sindano maji yalirukia juu. Maji yalikuwa yakiingia kwa nguvu, na mvinyo hautoki.

Nguvu hiyo ndiyo asili ya maneno mengine mtakayoyasikia, yaani mkazo wa osimosi. Mkazo wa osimosi ni ile nguvu ambayo ungehitaji kuikandamizia upande wenye chumvi ili kuyazuia maji yasiingie. Si nguvu ndogo. Mkazo wa maji ya bahari, yakikutana na maji matupu utandoni, ni kiasi cha mara 27 ya mkazo wa hewa tunayoivuta. Ni sawa na uzito wa maji yaliyosimama kwenda juu zaidi ya mita 250. Na ukikandamiza kupita hapo, mambo hugeuka: maji hutoka kwenye chumvi yakaja kwenye utupu. Jamaa zetu walioko Oman wanayajua matunda ya hila hii, kwani katika mji wa Sur na kwingineko uko mtambo unaoyasukuma maji ya bahari katika utando kwa nguvu kubwa, yakatoka upande wa pili ya kunywa. Mholanzi aliyeifunga hesabu ya mkazo huu ni Jacobus van 't Hoff, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya kemia, mwaka 1901.

Hesabu yake ndiyo inayotuleta kwenye neno letu. Mtu angedhani kuwa kinachoyavuta maji ni uzito wa kitu kilichoyeyushwa. Sivyo. Kinachoyavuta ni idadi ya chembe. Chembe kubwa na chembe ndogo, kila moja huhesabiwa moja, kama mimi ninavyohesabu wanafunzi mlangoni pa chuo: mtoto mnene simhesabu wawili. Osimolariti ni hesabu hiyo, yaani idadi ya chembe zilizoyeyuka katika lita moja. Na kwa kuwa chembe ni nyingi kupita kadiri, wataalamu hawazihesabu moja moja. Huzihesabu kwa mafungu makubwa, kama wauza nguo wa zamani walivyohesabu kwa korija. Fungu lao dogo huitwa miliosimoli.

Tazameni mfano huu, maana hapa ndipo nilipoelewa. Chukua gramu 9 za chumvi uziyeyushe ukapata lita moja. Chembe ya chumvi ikiingia majini hupasuka mbili, sodiamu upande mmoja na kloraidi upande mwingine. Kwa hesabu utapata miliosimoli 308. Sasa chukua gramu 9 za sukari ya chai, ufanye vivyo hivyo. Sukari haipasuki majini, na chembe yake ni kubwa na nzito. Utapata miliosimoli 26 tu. Uzito ni ule ule, na kuvuta kunazidiana karibu mara kumi na mbili. Kwa hiyo anayekosea kijiko cha sukari kwa kupunguza au kuzidisha kidogo hakukosea sana, lakini anayekosea kijiko cha chumvi amekosea vikubwa.

Damu ya mtu mzima wa afya huwa na miliosimoli kama 285 hadi 295. Yale maji ya chumvi ya gramu 9 yanakaribiana na hesabu hiyo, na ndiyo maana mgonjwa hospitalini hutundikiwa dripu ya chumvi ya kadiri ile, wala hatundikiwi maji matupu: maji matupu yangeziingia chembe nyekundu za damu zikapasuka. Kitu kilicholingana na damu namna hii huitwa aisotoni, na "iso" kwa Kiyunani ni sawa. Neno hilo lilitumiwa na mtaalamu wa mimea, Hugo de Vries wa Uholanzi, katika miaka ya 1880. Bahari yetu ina karibu gramu 35 za chumvi kwa lita, na osimolariti yake hupita 1,000, zaidi ya mara tatu ya damu. Baharia mwenye kiu akiyanywa, figo zake hulazimika kutoa maji mengi kuliko aliyoyanywa ili kuiondoa chumvi ile. Wazee wetu wa majahazi walijua kuwa anayeyanywa huangamia, ijapokuwa hawakuwa na daftari la hesabu.

(Msomaji mwenye mtoto anayesoma sekondari atamsikia akitaja neno jingine, osimolaliti. Hakukosea. Osimolariti huhesabu chembe katika lita ya mchanganyiko mzima, na osimolaliti huhesabu chembe kwa kila kilo ya maji. Katika maji mepesi kama haya yetu tofauti ni ndogo mno, nasi tuendelee na lile la pakiti.)

Sasa turudi kwenye pakiti. Lengo la ORS ni kuyarudisha maji mwilini kupitia utumbo. Mtoto anayeharisha utumbo wake unamwaga maji na chumvi. Ukimpa maji ya chumvi peke yake, utumbo uliougua huyapokea kwa shida. Lakini ndani ya ukuta wa utumbo mna milango ya namna yake, ambayo sodiamu huingia ikifuatana na sukari ya glukosi. Moja ikikosekana, mlango haufunguki. Mmarekani Robert Crane alilieleza jambo hili mbele ya wataalamu mjini Prague mwaka 1960. Na hata kipindupindu, pamoja na ukali wake wote, hakiufungi mlango huo. Sodiamu na sukari zikishaingia, maji huzifuata kwa ile tabia yake ya kwenda penye chembe nyingi. Kwa hiyo sukari iliyomo katika pakiti haikutiwa ili mtoto aone utamu, nami nilidhani hivyo.

Pakiti ya zamani, iliyotumika tangu miaka ya 1970, ilikuwa na miliosimoli 311 kwa lita. Hiyo ni zaidi kidogo kuliko damu. Iliokoa watu wengi, lakini wataalamu waliona kuwa haipunguzi kuharisha kwenyewe, na wakashuku kuwa wingi wa chembe ndani ya utumbo unayashikilia maji yasiingie mwilini upesi. Wakapunguza chumvi kutoka gramu 3.5 hadi 2.6, na glukosi kutoka gramu 20 hadi 13.5, hesabu ikashuka hadi 245, chini ya damu. Majaribio kwa watoto yakaonyesha kuwa choo kilipungua kwa asilimia kama 20, kutapika kwa asilimia kama 30, na watoto waliohitaji kuongezewa dripu walipungua kwa theluthi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatangaza kuwa hiyo ndiyo ya kutumiwa.

Hicho ndicho kilichopunguzwa. Si nguvu ya dawa, wala hakuna aliyetuibia. Zimepunguzwa chembe, ili damu iwe ndiyo yenye chembe nyingi, na maji yatoke utumboni yaende kwake. Nami niliyeitia pakiti nzima katika nusu lita nilifanya nini? Mara mbili ya 245 ni 490. Niliugeuza mto urudi ulikotoka: utumbo ukawa ndio wenye chembe nyingi, maji yakatoka mwilini mwa mtoto yakaingia tumboni, akaharisha zaidi; na ile chumvi iliyopata njia ikaingia damuni na kuzidisha kiu. Chumvi ikizidi mno damuni, seli za ubongo hunyauka, na mtoto huweza kushikwa na degedege au kupoteza maisha. Yule mtoto aliyekuwa akiinyooshea mkono chupa hakuwa ameipenda dawa. Alikuwa akiomba maji.

Nimeliandika hili kwa mkono mzito. Lakini tabibu aliniambia kuwa si mimi peke yangu. Wako wanaokoroga pakiti moja katika glasi, na wako wanaofanya kinyume, wakaigawa pakiti moja katika mitungi ili itoshe nyumba nzima. Huyu wa pili naye anakosa, kwani chembe zikiwa chache mno, mtoto hupata maji bila ya chumvi aliyoipoteza.

Ikiwa mtu atasema kuwa elimu hii ni ya waliosoma tu, na mama wa shamba hawezi kuishika, namkumbusha khabari za Bengali. Mwaka 1971, katika vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi kwa mamilioni walivuka kuingia India, na kipindupindu kikawashukia kambini. Huko Bangaon dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis, aliyefariki mwaka 2022, aliamua kuwakorogea wagonjwa chumvi, glukosi na magadi katika mapipa, na jamaa za wagonjwa ndio waliowanywesha. Mle kambini vifo vilivyokuwa karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Miaka mitatu kabla yake, mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash na wenzao walikuwa wameonyesha kuwa maji ya kunywa yaliyopimwa vizuri huweza kuchukua mahali pa sehemu kubwa ya dripu.

Kisha, kuanzia mwaka 1980, jumuiya ya BRAC ya Bangladesh iliwatuma wanawake kwenda mlango kwa mlango vijijini, kwa muda wa miaka kumi, kuwafundisha akina mama zaidi ya milioni 12. Wengi wa mama hao hawakujua kusoma. Walifundishwa kwa ulimi na kwa mkono: mfinyo wa chumvi wa vidole vitatu, na konzi moja ya sukari guru, katika nusu lita ya maji. Kilichonivutia mimi mwalimu ni namna walivyolipwa wale waalimu. Baada ya muda alipita mtu mwingine, akawauliza akina mama wanakumbuka nini, akawaambia wakoroge mbele yake, na maji yakapelekwa kupimwa chumvi. Mshahara wa mwalimu ulitegemea yale aliyoyakumbuka mama. Nafikiri waalimu wa vyuo vyetu tungelipwa hivyo, wengine tungelala na njaa.

Vidole havilingani, lakini, na mfinyo wa mvuvi si mfinyo wa binti. Penye kijiko tumieni kijiko. Pakiti ikikosekana kabisa, kiasi kinachofundishwa ni hiki: vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, katika lita moja ya maji safi na salama. Mwenye kukoroga arudie kwa sauti: sukari sita, chumvi nusu. Akivigeuza akatia chumvi sita, amemkorogea mtoto maji ya bahari, na wala si kwa kutia chumvi maneno: vijiko sita vya chumvi ni karibu gramu zile zile 35. Kabla ya kumpa mtoto ayaonje mwenyewe; yasizidi chumvi ya machozi.

Kwa wenye pakiti, jambo la kwanza ni kusoma kiasi cha maji, kwani ziko za lita moja na ziko ndogo kuliko hizo. Chupa za maji madukani zina nusu lita, lita moja na lita moja na nusu, na zote hufanana sura. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa kiasi cha mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, na aliyezidi hapo 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe. Akitapika, mngoje dakika kumi uanze tena polepole zaidi. Ulizeni pia vidonge vya zinki, ambavyo watoto hupewa pamoja na ORS. Na mtoto aliyelegea, au hawezi kunywa, au macho yamezama, au choo kina damu, huyo si wa kukorogewa nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja, naye akinyweshwa njiani.

Wasomaji wawili wameleta maswali baada ya kusikia kuwa nitaandika haya. Wa kwanza ni kijana, anauliza juu ya soda, kwa kuwa nayo ina sukari. Soda ina sukari karibu gramu 100 kwa lita na sodiamu kidogo mno. Chembe zake hupita za damu kwa mbali, na mtoto anayeharisha humzidishia kama chupa yangu ilivyofanya. Kuitikisa ili gesi itoke hakubadilishi hesabu. Wa pili ni bibi mmoja wa jirani, anauliza juu ya madafu. Bibi, madafu ni maji mazuri, yana potasiamu kwa wingi, lakini sodiamu yake ni ndogo, na hiyo ndiyo mtoto anayoipoteza zaidi. Mpe yakiwa ni kinywaji cha nyongeza mtoto akiwa bado ana nguvu zake, wala usiyaweke mahali pa pakiti. Na yale maji ya pakiti yaliyokorogwa jana, ambayo umesema ni hasara kuyamwaga, yakishapita saa 24 yamwage tu, ukoroge mengine.

Wassalaam.